Makamu Mkuu Kwenye Chelezo cha Pili

Tulimwacha Marivic Dumalagan, mwalimu kijana kutoka Ufilipino, amesimama katikati ya chelezo, maikrofoni mkononi, wimbo ameukatiza katikati ya neno. Chelezo kingine kilikuwa kinateremka na mto Kwai, huko Thailandi, kuwafuata, na juu yake mwanamke mwenye gauni jekundu alikuwa anaimba kwa sauti ambayo Marivic angeitambua hata akiwa kaburini.

Ilikuwa sauti ileile iliyomwita ofisini kila alipochelewa kipindi.

"Ni yeye," alinong'ona. "Bikira Maria, ni yeye!"

"Yeye nani?" aliuliza Jocelle, mwalimu mwenzake wa shule ileile, mdomo umejaa wali wa kunata.

"Makamu!"

Jocelle alimeza bila kutafuna.

Naam, Makamu Mkuu wa shule yao, Mwalimu Wilaiwan mwenyewe! Mjane aliyevuka hamsini, mkali kuliko pilipili za nchi yake, ambaye wanafunzi waliapa kwamba hana meno kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Ijumaa, mbele ya walimu wote, alitangaza kwamba anakwenda hekaluni kufunga. Atavaa nyeupe, atakula mlo mmoja kwa siku, na hatatamka neno lolote mpaka Jumatatu.

Sasa mtazame. Gauni jekundu. Ua sikioni. Kiuno kinafuata ngoma.

Lingekuwa jambo la kucheka mpaka mbavu ziume, kama Marivic naye asingekuwa na lake. Ijumaa hiyohiyo alijipaka dawa ya kuchua misuli chini ya kope, akaenda zahanati macho yanawaka kama taa za breki. Akaambiwa ana ugonjwa wa macho mekundu na asitoke kitandani wiki nzima, asije akawaambukiza watoto. Ndivyo alivyoikwepa zamu ya kulinda kambi ya skauti.

Usimhukumu upesi, msomaji. Safari hii ilikuwa ya kumuaga Kaka Nonoy.

Kaka Nonoy alikuwa mwalimu wa hisabati, mkongwe wa Wafilipino wote waliofundisha katika mkoa ule. Yeye ndiye aliyempokea Marivic stendi siku ya kwanza, msichana ana begi moja na machozi ndoo mbili. Yeye ndiye aliyemfundisha mzazi yupi wa kuogopwa na mgahawa upi wa kukopwa. Na sasa mkataba wake haukurefushwa. Muhula ukiisha, angefungasha. Walimu wenzake wakakodi chelezo chenye paa na mashine ya karaoke, wamuage kwa wikiendi moja ya raha. Marivic angekosaje?

"Zimeni muziki!" alisema, akipiga magoti nyuma ya spika.

"Ukizima ghafla ndiyo watageuka," Nonoy alimjibu. Alimpokonya maikrofoni, akaendelea na wimbo palepale ulipokatikia, kwa sauti ya mbuzi aliyesahauliwa mvuani. Katikati ya ubeti aliinama na kumnong'oneza, "Tulia, mdogo wangu. Mto mpana huu. Watapita na mambo yao."

Injini ya boti iliyokuwa inavuta chelezo cha pili ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza.

"Haya," Jocelle alisema. "Umeshawaita."

Chelezo cha pili kilizunguka kama jani, kikaja ubavu, kikawagonga kwa kishindo. Sahani ya papai bichi la kutwanga ikamwagikia walimu wa shule za jirani waliokuwa wamelala fofofo chini ya paa, shibe na bia zimewazidi. Mmoja alifungua jicho, akajipangusa papai shavuni, akalala tena.

"Imekufa?" dereva wa boti yao alimuuliza mwenzake.

"Imekufa kabisa!"

"Nirushie kamba! Nitawavuta wote mpaka gatini kwetu."

Kamba ikarushwa, ikafungwa. Vyelezo viwili vikawa kimoja.

Marivic alichungulia pembeni ya spika, akaona jambo la pili lililomkausha mate. Makamu hakuwa peke yake. Mwanamume mwenye kofia ya majani alikuwa akimshikia mwavuli. Na mwanamume huyo alikuwa Daktari Prasong wa zahanati, yuleyule aliyemmulika macho Ijumaa na kutikisa kichwa kwa huzuni!

"Nimekwisha," alisema. "Makamu na daktari, wote wawili. Jumatatu narudishwa kwa mama."

"Nyamaza, inua kichwa." Jocelle alikuwa mdogo wao kwa umri, lakini kwa ujanja alikuwa bibi yao. Alimfunga Marivic taulo kichwani, akambandika miwani ya jua, akamvalisha boya la kuokolea. "Kuanzia sasa wewe ni Shangazi Pacing kutoka kwetu Cebu. Umekuja kutembea. Hujui Kithai. Na ni kiziwi."

"Kiziwi wa nini tena?"

"Nakujua. Ukichokozwa tu, lazima ujibu."

Upande wa pili nako mambo yalikuwa moto. Ile sauti ya mbuzi, Makamu alikuwa akiisikia kila siku kwenye korido za shule. Marivic alipotazama tena, gauni jekundu halikuonekana. Mwanamke alikuwa ameketi sakafuni, kitambaa cha meza kimemfunika mabega, mwavuli umefunguliwa mbele ya uso kama ngao.

Nonoy na daktari wakabaki wanatazamana juu ya kamba. Wakaunganisha viganja, wakasalimiana kwa adabu.

"Daktari! Habari za mapumziko?"

"Nzuri, Mwalimu. Nzuri sana. Huyo mama vipi, mbona kajifunika?"

"Shangazi yangu huyo. Kiziwi, maskini. Jua la huku limemshinda."

"Pole yake. Na huyu wangu ni... mgonjwa. Kichwa kinampasuka. Hataki mwanga, hataki kelele."

"Ndiyo maana ukamleta kwenye karaoke?"

Daktari alikohoa kuliko ile injini. "Ni tiba mpya," alisema. Halafu, kama mtu anayetaka kubadilisha mazungumzo, akamgeukia dereva. "Ndugu yangu, gati lenu ni lipi?"

"La Mama Somjit, pale chini kwenye kona."

Daktari alivuta kofia mpaka kwenye nyusi. "Huwezi kutushusha hapahapa ukingoni?"

"Hapa mwamba mtupu, mzee wangu. Kaa ule samaki."

Chini ya taulo, Marivic hakuyajali hayo. Alikuwa anautazama ule mwavuli. Kwanza aliuona kama mwisho wake. Kisha akauona unatetemeka. Ndipo akili ikamrudia: kumbe anayejificha si mimi peke yangu!

Na nani anayeamua mikataba ya walimu wa kigeni pale shuleni? Huyohuyo aliye nyuma ya mwavuli.

Tabasamu lilimjia, na halikuwa tabasamu la shangazi mgonjwa. Alimvuta Jocelle kwa ukosi wa shati.

"Ule wimbo aliokuwa anaimba, wa mkulima aliyeachwa na mchumba. Unaujua?"

"Ovyoovyo."

"Vizuri. Uimbe ovyoovyo hivyohivyo."

Nikuambie kitu kuhusu Kithai. Ni lugha ya kupanda na kushuka. Ukishusha sauti pale pa kupandisha, umekwishasema neno lingine kabisa. Na Makamu alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kusikia Kithai kikikosewa akanyamaza. Aliwahi kumkatiza mkaguzi kutoka wizarani katikati ya hotuba, akamsahihisha, akamwambia endelea.

Jocelle alishika maikrofoni. Katika ubeti wa kwanza, mchumba wa mkulima aligeuka kuwa mbwa. Mwavuli ukatikisika. Katika ubeti wa pili, shamba la mpunga likawa shavu la shemeji. Mwavuli ukainuka, ukashuka. Katika ubeti wa tatu Jocelle alifumba macho, akaweka mkono kifuani, akalia kwa uchungu maneno ambayo hakuna mkulima aliyewahi kuyalia.

"PANDISHA!"

Mwavuli uliruka pembeni. Makamu alikuwa amesimama, gauni jekundu lote, kidole hewani.

"Pandisha sauti hapo, mwanangu! Nimekufundisha mara ngapi? Unasema umemzalia bata!"

Jocelle akakata wimbo. Dereva wa boti aligeuka kutazama.

Na hapohapo Shangazi Pacing, kiziwi asiyejua Kithai, akaangua kicheko.

Alijaribu kukizuia, kikamtokea puani. Alijaribu kukigeuza kikohozi, kikawa kikubwa zaidi. Taulo likaanguka. Makamu alimtazama kwa muda mrefu, jinsi anavyomtazama mwanafunzi aliyekamatwa na simu.

"Shangazi kiziwi anacheka nini?"

Marivic alivua miwani. Akaunganisha viganja, akainama kwa heshima zote.

"Shikamoo, Mwalimu. Nilidhani umefunga kusema."

"Na mimi," Makamu alijibu taratibu, "nilidhani umefumba macho."

Kisha pembe ya mdomo wa Makamu ikacheza. Akacheka! Na meno yote yalikuwepo.

*

Wanawake wawili waliketi ukingoni, pale vyelezo vilipokutana, miguu ndani ya maji. Marivic alimpa Makamu kipande cha samaki wa kuchoma. Makamu alimpa Marivic nusu ya mwavuli.

"Mimi sikukuona," Makamu alisema.

"Wala mimi sikukuona, Mwalimu."

"Basi yameisha."

"Yamebaki kidogo." Alijikaza. Mtu hapati nafasi kama ile mara mbili. "Kaka Nonoy. Mrefushie mkataba."

"Marivic! Unanitisha, wewe mtoto?"

"Siwezi kukutisha, Mwalimu. Nakuomba tu. Nakuomba huku nikilikumbuka sana hilo gauni."

Alitegemea Makamu akasirike. Badala yake Makamu aliweka samaki chini na kumtazama kwa mshangao wa kweli.

"Kwani hakukuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Nafasi ya mgeni mwakani imebaki moja. Moja tu. Mimi nilimwita Nonoy, nikampa. Ni wa siku nyingi, ni haki yake. Akakataa. Nikambembeleza, akakataa tena. Akasema nafasi ni yako, na nikikuambia atanikosea heshima kwa mara ya kwanza tangu tujuane."

Marivic alihisi maji ya mto yamempanda mpaka kifuani. Wiki zote zile alimlilia Nonoy. Alimtukana Makamu jikoni kwa walimu, usiku na mchana. Na Nonoy alikuwa akimsikiliza, akimwongezea chai, na kusema, "Ndiyo dunia, mdogo wangu."

Aliinuka. Nonoy alikuwa nyuma ya chelezo. Alikuwa amevua boya lake, na cha ajabu, alikuwa anafunga vifungo vya shati jeupe la tarizi, lile ambalo Mfilipino hulivaa harusini.

"Nani alikutuma unihurumie?" Marivic alimrushia taulo usoni.

Nonoy alilidaka, akamtazama Makamu kwa mbali, akajua siri imemwagika. "Huyu mama na kufunga kwake kusema!"

"Usinichekeshe! Nimekulilia mpaka nimekonda. Nani alikuambia nataka nafasi ya kuokotewa? Utakwenda wapi na umri huo? Utakula nini?"

"Punguza sauti, utaamsha walevi."

"Waamke! Wamsikie mwongo!"

Alikuwa analia sasa, na safari hii macho yalikuwa mekundu bila dawa. Nonoy alimkalisha juu ya kreti ya soda. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na mzaha usoni.

"Sikiliza. Nusu ya nafasi ile nilikupa wewe, kwa sababu wewe una miaka ya kufundisha na mimi nimechoka kuimba jedwali la kuzidisha. Lakini nusu nilijipa mwenyewe. Nani kakwambia ninarudi nyumbani?"

"Wewe!"

"Mimi nilisema naondoka shuleni. Nyumbani mlisema nyie."

Marivic alijifuta pua. "Unakwenda wapi, basi?"

Nonoy hakunyoosha kidole. Alifanya kama wafanyavyo watu wa kwao, akachongoa midomo na kuielekeza mbele, kule mto ulipopinda, ambako paa la bati la kijani lilianza kuonekana juu ya maji.

"Unakumbuka safari zangu za kuvua samaki?"

"Kila mwezi."

"Umewahi kuniona nikirudi na samaki?"

Marivic alihesabu miezi. Kweli, hakuwahi.

"Anaitwa Somjit," Nonoy alisema, na uso wa mzee yule ukawa mwekundu kama wa kijana. "Gati lile ni lake. Hiki chelezo chetu ni chake. Mjane. Mumewe alichukuliwa na mto huuhuu zamani, hata mwili haukupatikana, wakachoma kofia na viatu vyake hekaluni wakahesabu wamezika. Ameishi peke yake tangu hapo. Leo namposa. Nimewaleta nyote muwe ndugu zangu, maana sina ndugu wengine huku. Sasa utaendelea kunitukana, au utanifunga kifungo cha shingoni?"

Marivic alimpiga ngumi ya bega. Kisha akamfunga kifungo.

"Jocelle!" alipaza sauti. "Waamshe hao walevi! Tuna posa!"

Ikawa vurugu tupu. Walimu waliamka na papai nyweleni, wakaanza kushangilia kabla hawajajua wanashangilia nini. Makamu mwenyewe alivuka kamba, akamchomeka Nonoy lile ua lake la sikioni kwenye mfuko wa shati. "Na wimbo wa kuingilia nitaimba mimi," alitangaza. "Nyie mtaharibu."

Mmoja tu hakushangilia. Daktari Prasong, aliyevutwa na Makamu kuvuka naye, alikuwa amechuchumaa nyuma ya jokofu la barafu, kofia imemfika puani.

"Vipi, mpenzi?" Makamu alimuuliza. "Umeumwa?"

"Jua," alisema daktari. "Jua tu."

Gati likasogea. Mwanamke mwenye blauzi ya njano alitoka kwenye kivuli cha bati, akaweka kiganja juu ya macho kuzuia mwanga. Hakuwa kijana, hakuwa mrembo wa magazetini, lakini alipomwona Nonoy na shati lake la tarizi, alicheka mpaka ikambidi ashike nguzo. Marivic alimpenda palepale.

Makamu akaanza kuimba. Nonoy akatoa pete mfukoni. Vyelezo vikalisogelea gati, na jokofu, kwa ule mwendo wa kugonga, likateleza kidogo upande.

Kidogo tu. Ikatosha.

Mkono wa Somjit ulishuka. Kicheko kikamkauka usoni. Alikuwa anamtazama mtu aliyechuchumaa nyuma ya Nonoy.

"Yule nani?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Mwenye kofia. Avue kofia."

Makamu aliacha kuimba. "Ni Daktari Prasong, mama. Daktari wetu wa mjini. Yuko na mimi."

"Daktari?" Somjit alisogea ukingoni mwa gati, uso mweupe kama chokaa. "Huyo ni fundi wa injini za boti! Huyo ni mume wangu! Tulimchomea viatu!"

Marivic aligeuka. Aliyaona macho ya yule mtu aliyemmulika kwa tochi Ijumaa na kumpa wiki nzima ya kulala kwa sababu ya dawa ya kuchua misuli. Hayakuwa macho ya daktari. Yalikuwa macho ya panya aliyewashiwa taa.

"Prasong?" Makamu alisema. "Sema kitu, Prasong!"

Prasong aliinuka. Alirudi hatua moja, akakanyaga papai, akateleza. Kichwa chake kiligonga chuma cha kufungia kamba kwa mlio ambao kila mtu aliusikia. Akaanguka mtoni, na maji ya Kwai, yanayokwenda mbio pale kwenye kona, yakamfunika.

Kofia ya majani ilielea. Wakamsubiri mwenyewe aibuke.

Hakuibuka.

Marivic alimtazama Nonoy, na kwa muda wa pumzi moja aliona kile ambacho Nonoy naye alikuwa anakiona. Mtu yule akizama, Somjit ni mjane tena, safari hii kweli. Akiokolewa, pete ile haina kidole.

"Kaka," alisema. "Kaka, usi..."

Nonoy alimwekea pete kiganjani, akamkunjia vidole juu yake, akaruka.

Na Nonoy, aliyezaliwa na kukulia milimani, hakuwahi kujifunza kuogelea.